Ukienda Bogotá, fika Ijumaa

Tangu nirudi kutoka Colombia kila mtu ananiuliza swali moja, vipi usalama, vipi wezi, na mimi nawajibu wezi wapo na ntawaelezea hapo chini, lakini kilichoniangusha mimi Bogotá, mji mkuu wao, siku ya kwanza hakikuwa mwizi, ilikuwa ni hewa. Mimi ni mtu wa Dar, nimezaliwa na kukulia pembeni ya bahari, alafu ndege ikanishusha kwenye jiji lililo mita 2,640 juu. Nilipitia Amsterdam, nimefika jioni, saa zao ziko 8 nyuma ya zetu kwa hiyo mwili wangu ulikuwa usiku wa manane, nikabeba begi kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili tu, kufika juu moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa. Usiku kucha nalala nashtuka, nalala nashtuka, pumzi haitoshi, kichwa kinagonga.

Asubuhi nikajilazimisha kutoka kwa sababu nilishalipia matembezi ya kuzunguka La Candelaria, ule mji mkongwe wenye nyumba za rangi na vichochoro vya kupanda mlima. Mpaka saa tano nimekaa kwenye ngazi za kanisa, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Mama mmoja muuza chai akanisogelea, hatuelewani lugha, akanimiminia kikombe cha kitu cha moto rangi ya kahawia, kunywa hivi, ni sukari guru! Wanaita aguapanela, sukari guru imechemshwa na maji basi, na pembeni akanipa kipande cha jibini nyeupe nikatumbukize mle ndani. Jibini inalainika, ukiivuta inakuja kama uzi. Nilikunywa viwili, akakataa hela ya cha pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, siku mbili za mwanzo usipange kitu kizito. Maji mengi, chakula kidogo kidogo, pombe acha kwanza, na tembea taratibu hata kama unajiona mzima. Na hili naliandika kwa uzito kwa sababu kwenye familia yetu tunalo, kama una selimundu, au tatizo la moyo au presha, ongea na daktari wako kabla hujakata tiketi, urefu ule unaweza kumuamshia mgonjwa wa selimundu maumivu makali. Hotelini wanaweza kukupa chai ya majani ya koka, kule watu wanakunywa kawaida, ila usije ukatia hata pakiti moja kwenye begi ukarudi nayo nyumbani, huku inahesabika ni dawa za kulevya.

Baridi nayo. Watu wakisikia Amerika ya Kusini wanafikiria Rio na ufukwe, wanabeba kaptula. Bogotá iko karibu na ikweta kama sisi, haina msimu wa baridi wala wa joto, ni hali ya Njombe mwaka mzima, mchana nyuzi 18 au 19, usiku inaweza kushuka chini ya 10, na mvua inakuja ghafla mchana jua likiwa bado linawaka. Beba sweta, koti la mvua, na viatu visivyoteleza.

Sasa wezi. Wenyeji wana msemo, no dar papaya, yaani usitoe papai, maana yake ukijiweka kama papai limemenywa juu ya sahani usishangae mtu akila. Mwenzangu tuliyekuwa naye alisimama kona anaangalia ramani kwenye simu, mkono umenyooka mbele, kijana wa baiskeli akapita akaichomoa na hakugeuka hata nyuma. Ni kama vibaka wa pikipiki wa kwetu. Ukitaka kuangalia simu ingia dukani. Usiku kule Candelaria usitembee, ita gari kwa programu ya simu. Na mtu akikukaba, mpe, usibishane kabisa.

Kupotea ni vigumu ukishaelewa kitu kimoja. Dar bahari iko mashariki, Bogotá milima iko mashariki, ukiinua macho unajua umeelekea wapi. Barabara zina namba, Calle zinatoka milimani kushuka magharibi, Carrera zinakwenda kaskazini na kusini. Mabasi ni TransMilenio, yalianza mwaka 2000, na mtu aliyezoea mwendokasi wetu hashangai chochote, njia ya peke yake katikati ya barabara, kituo kimeinuliwa, unagusa kadi, na jioni msongamano ule ule wa kubanwa mpaka mlangoni. Herufi ya mbele ya namba ya basi inakwambia linaelekea ukanda gani. Begi vaa mbele.

Na Ijumaa je? Nimesema fika Ijumaa kwa sababu Jumamosi utapumzika, alafu Jumapili jiji linakuwa lako. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana wanafunga barabara kubwa, zaidi ya kilomita 120, magari hayapiti, ni baiskeli na waenda kwa miguu. Wanaita Ciclovía na wameanza tangu miaka ya 1970. Nilikodi baiskeli nikashuka Carrera 7, kulikuwa na bibi na mjukuu wake wanaendesha sambamba, watoto wa kishua na watoto wa uswahilini kwenye lami moja, fundi baiskeli kaweka pampu yake chini ya mti, wauza juisi ya machungwa wanakamua hapo hapo. Nilikuwa nawaza Barabara ya Morogoro Jumapili asubuhi bila gari hata moja, watoto wanajifunza baiskeli pale Magomeni, kiukweli nilipata wivu. Kwenye bustani kuna mazoezi ya viungo kwa muziki, mwalimu yuko jukwaani, unajiunga tu.

Jumapili hiyo hiyo Makumbusho ya Dhahabu huwa bure. Jumatatu wanafunga. Ukiingia, usikimbie kuangalia kila kabati, nenda moja kwa moja kwenye chelezo kidogo cha dhahabu cha watu wa Muisca, wenyeji wa kale wa huko, kina urefu wa kama sentimita 20, chifu kasimama katikati na watu wake wadogo wadogo wamemzunguka. Simama hapo. Mimi nilikaa karibu nusu saa.

Mlima Monserrate wenye kanisa juu, mita 3,152, acha mpaka siku ya tatu au ya nne, na panda kwa kigari cha kamba ya angani au treni ya mlimani. Ukishuka kula ajiaco, supu nzito ya kuku na viazi vya aina tatu, wanaweka jani linaitwa guascas ambalo huku kwetu nyanda za juu ni gugu tu la shambani, tunaling'oa na kulitupa! Parachichi na wali pembeni, utashiba mpaka usiku.

Kitu cha mwisho, soko la Paloquemao, nenda mapema maua yakiwa bado yanashushwa. Pale kwenye matunda niliona stafeli, kubwa kuliko kichwa changu, nikaligusa tu. Muuzaji akaniambia guanábana, nikamwambia stafeli, akarudia, es-ta-fe-li, akamwita mwenzie wa meza ya pili aje asikie, na yule naye akarudia. Wakanikatia kipande kikubwa nikala nimesimama, maji yanatiririka mpaka kiwikoni.