Wasifu wa mzee aliyeishi sana: tulivyouandika wa baba

Dada, poleni sana kwa msiba. Umeuliza utayakunja vipi kwenye wasifu maisha ya miaka 88 ya mzee aliyeendesha malori hadi Kampala, Kigali na Bujumbura na kulea watoto tisa, ilhali kamati ya mazishi imekupa kurasa mbili za programu na dakika tano za kusoma. Mimi nilibebeshwa kazi hiyo tulipompoteza baba mwaka 2016. Nitakueleza tulivyofanya, mengine utapima mwenyewe.

Kwanza, usikubali kile kiolezo cha wachapishaji wa River Road: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, amewaacha. Ukikijaza, baba yako atafanana na mzee aliyezikwa Jumamosi iliyopita, tofauti ni picha tu.

Baba alikuwa mtu wa reli. Makaratasi yake yalisema aliajiriwa 1956, akastaafu 1986, basi. Yaliyokuwa katikati niliyapata kwa wenzake wachache waliokuwa hai bado, waliokuja matanga kwetu Makongeni na kukaa mpaka usiku. Wao ndio walionieleza kwamba alianza kama mchochea moto kwenye zile injini kubwa za mvuke, aina iliyoitwa Class 59, zilizoundwa Manchester na kuletwa huku miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki, na uzito wake ulipita tani 250. Sisi watoto tulidhani maisha yetu yote kwamba baba alikuwa akitupa makaa kwa sepetu. Wazee walicheka sana. Zile zilichoma mafuta mazito. Kazi ya mchocheaji ilikuwa kuulinda moto na maji, jicho kwenye geji ya mvuke, maana kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 530 na sehemu kubwa ni kupanda. Ukizembea mlimani, treni nzima inasimama na wewe ndiye wa kujieleza. Walisafiri makundi mawili, moja likiendesha, jingine limelala kwenye behewa lao nyuma ya injini, wanapokezana. Chai ilichemkia pale pale kwenye tanuru.

Mvua za 1961 zilipokula tuta la reli, walikwama upande wa Tsavo usiku. Baba akatumwa mbele na taa kuangalia njia, akakuta tembo wamesimama relini. Akarudi akamwambia dereva, "Njia ina wenyewe, tungoje." Kisa hicho hatukuwahi kukisikia nyumbani hata siku moja! Nilikiandika kama kilivyosimuliwa, na kanisani ndicho kilichowachekesha watu waliokuwa wakilia. Baadaye tuliwapeleka wajukuu kwenye makumbusho ya reli hapa Nairobi, ambako Mount Gelai, mojawapo ya injini hizo, imesimama mpaka leo. Walipanda mpaka kwenye kiti cha babu yao.

Kwa hiyo mtafute aliyekuwa utingo wa baba yako. Ulizia Mlolongo, ulizia Salgaa, kule malori yanakolala, madereva wazee wanajuana. Usimuulize "baba alikuwa mtu wa namna gani", utaambiwa alikuwa mtu mwema. Muulize walilala wapi foleni ya mpakani Malaba ilipogoma kusonga, nani alipika, lori liliharibikia wapi na nani alikwenda kutafuta spea.

Lingine ni zito kidogo. Wazee walipokuwa wakisimulia, mama alikuwa ameketi kimya. Walipoondoka akaniambia, "Hizo safari ni kweli. Na mimi nilikuwa hapa." Chumba cha nyumba za reli, watoto wanaonyamazishwa mchana kwa sababu baba amerudi alfajiri na anataka kulala, yeye anauza maharagwe Gikomba ili karo ya wakubwa itimie. Rasimu yangu ilisema "alisomesha watoto wake wote". Nikabadilisha: yeye na mama walitusomesha. Baba mdogo alikataa kwenye kikao, eti wasifu ni wa marehemu, si wa mjane. Sikurudi nyuma. Mtu aliyekuwa nyumbani usiku chache namna ile alikuwa baba wa familia kwa sababu kuna aliyeishikilia familia, na wote waliokuwa pale kanisani walijua.

Umri usikuumize kichwa. Kitambulisho cha baba kilisema 1934, dada yake akaapa ni mwaka wa nzige, 1931. Tuliandika "takriban 1931" na hakuna aliyelalamika.

Miaka ya baada ya kustaafu msiiruke, watu wengi hufanya hivyo. Baba alikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali akawa anagonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Nusu ya majirani waliokuja kuzika walimjua kwa masanduku, reli hawakuijua.

Na hili nalisema kwa heshima: mzee aliyeendesha masafa marefu, ulizeni mapema, kwa upole, kama kuna watoto wengine mahali. Kama wapo, majina yao yaingie. Nimeona jeneza likizuiwa kushuka kaburini kwa sababu ya jina moja lililoachwa makusudi.

Dakika tano ni kama ukurasa mmoja na nusu ukisoma bila haraka. Chagua visa viwili vya kusoma, vingine viache kwenye programu. Kabla ya kupeleka kuchapa, mpe shangazi mkubwa ahakikishe majina ya wajukuu na tahajia zake, maana hilo ndilo litakalozua simu wiki nzima. Ukitaka nikutumie ukurasa wa kwanza wa ule wetu uuone, niandikie faragha.