Juisi ya kranberi na lehemu (kolesteroli): je, naweza kuacha vidonge?

Swali: Nina miaka 61, naishi Tanga. LDL yangu, ile lehemu mbaya, ilisoma 4.3, daktari akaniandikia atorvastatini ya kushusha lehemu, kidonge kimoja kila usiku. Binti yangu anayeishi Massachusetts amekuja na chupa sita za juisi ya kranberi. Anasema ina antioksidanti (vitu vinavyokinga mwili dhidi ya kuharibiwa na oksijeni) na viambata vya mimea vya kushusha lehemu. Ni kweli? Na nikiinywa, naweza kupumzika vidonge?

Jibu: Shikamoo mama. Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari: vidonge usiviache.

Binti yako hajakudanganya, ila amechanganya mambo mawili. Kranberi ni tunda dogo la Amerika ya Kaskazini, chachu kwelikweli. Huko Massachusetts hulimwa kwenye mabonde yanayofurikishwa maji wakati wa mavuno, na kwa kuwa lina uwazi ndani, linaelea lenyewe juu likisubiri kukusanywa. Wekundu wake unatokana na anthosayanini, jamii ileile inayoipa rangi juisi ya rosela. Lina pia proanthosayanidini kwa wingi. Hizi ni tanini, zinazoleta ule ukakasi unaokubana ulimi ukila bibo.

Hizo ndizo antioksidanti zenyewe. LDL ikinasa kwenye ukuta wa mshipa na kuoksidika, yaani kuharibiwa na oksijeni, seli za kinga huimeza, zikavimba mafuta, na hapo ndipo mshipa unapoanza kuziba. Ndani ya mirija ya maabara, dondoo za kranberi hupunguza kasi ya kuoksidika huko. Mwilini mambo ni mengine: sehemu ndogo tu ya viambata hivi huingia kwenye damu vikiwa vizima, na vingi hufika utumbo mpana na kuvunjwavunjwa na bakteria. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la nguvu za antioksidanti katika vyakula, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanalitumia vibaya kwenye matangazo. Na hata kama uoksidishaji ungepungua, ile 4.3 yako ni kipimo cha kiasi cha LDL, si cha kuoksidika kwake.

Vinavyopunguza kiasi ni viambata vingine vya mimea: faitosteroli. Zinafanana na lehemu kwa umbo, hivyo zinagombania nayo nafasi kwenye vitone vya nyongo tumboni, na lehemu iliyokosa nafasi hutoka na choo. Gramu 2 kwa siku hushusha LDL kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Lakini faitosteroli ni za jamii ya mafuta, hazikai kwenye maji. Tunda likikamuliwa na kuchujwa, zinabaki kwenye maganda na mbegu, yaani kwenye makapi, na chupa inabeba maji. Karanga, ufuta na parachichi vinakupa nyingi kuliko juisi hiyo, ingawa kwa chakula cha kawaida ni vigumu kufikia gramu 2.

Watu waliojaribiwa kwa juisi yenyewe, LDL yao kwa kawaida haikusogea kwa kiwango cha maana. Katika majaribio machache madogo HDL, ile lehemu nzuri, ndiyo iliyopanda kidogo. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kranberi itajwe, kwa maneno ya tahadhari, kuhusu maambukizi ya mkojo yanayojirudia kwa wanawake. Lehemu haikuguswa.

Sasa geuza chupa usome nyuma. Nyingi zinazouzwa ni mchanganyiko wenye juisi halisi karibu robo tu, na glasi moja inaweza kuwa na gramu 28 za sukari, sawa na vijiko saba vya chai. Sukari ya namna hiyo kila siku hupandisha traigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, na hapo utakuwa umejitibu upande mmoja na kujiumiza mwingine. Kama ni isiyotiwa sukari, nusu glasi iliyozimuliwa kwa maji haina ubaya.

Tunda la kuogopa kwa mtu wa atorvastatini ni balungi: juisi yake huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa, ikajaa kwenye damu. Kranberi haijulikani kwa hilo. Hata hivyo, kama unatumia pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda (hukutaja), usifungue chupa hata moja kabla ya kuzungumza na kliniki inayokupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda.

Kipimo cha lehemu rudia wiki 6 hadi 12 tangu uanze vidonge, na umwambie daktari kwamba unakunywa juisi hiyo.