Ukizungumza na mtazamaji atakayekujibu kesho

Ndugu yangu unayeanza kufundisha au kuzungumza kwa video mtandaoni, jambo la kwanza litakalokusumbua ni ukimya. Ukiwa mbele ya watu, unasoma nyuso: wakikunja uso unarudia, wakiitikia kwa kichwa unasonga mbele. Kamera haikupi hayo. Mtazamaji wako ataitikia, lakini kesho au hata mwakani, na ataitikia kwa komenti, kwa kulaiki au kwa kufunga video na kwenda zake. Kupokea vizuri majibu hayo yaliyochelewa ndiyo kazi kubwa, na wanaoanza wengi hawaipi muda kwa sababu akili yote iko kwenye taa na maikrofoni.

Anza na namna unavyomwita. "Habari zenu nyote" ni ya ukumbini. Anayekutazama mara nyingi yuko peke yake na simu yake, kwa hiyo sema "wewe". Mwaka 1956 watafiti wawili nchini Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, walieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyoweza kujiona rafiki wa mtangazaji asiyemfahamu hata kidogo. Urafiki huo wa upande mmoja upo mpaka leo, ila sasa mtazamaji anaweza kukuandikia, na akikuandikia anatarajia kusikika. Umemwita "wewe" dakika kumi nzima. Ukimpuuza akijibu, inamuuma kweli.

Kuhusu maswali. Ukimaliza video kwa "niambieni mnaonaje", utapata "nzuri sana" na "endelea hivyo hivyo". Yanafariji, lakini hayakufundishi kitu. Uliza jambo dogo lenye jibu: "Umekwama kwenye hatua ipi, ya pili au ya tatu?" Tena uliza palepale unapomaliza kueleza hatua hiyo, usingoje mwisho, maana wengi huwa wameshaondoka.

Walipoondokea utapaona kwenye takwimu za chaneli. YouTube humwonyesha mwenye chaneli mchoro wa sehemu ya watazamaji waliobaki kila dakika. Mstari ukiporomoka ghafla, rudi usikilize ulichokuwa unasema pale. Aghalabu utakuta utangulizi mrefu au kuchepuka. Mstari ukipanda, mara nyingi watu wamerudisha nyuma kutazama tena, na hapo usikimbilie kufurahi. Huenda wamependa, huenda hawakuelewa. Mchoro hauwezi kukuambia ni lipi, komenti zinaweza. Ndiyo maana mimi husoma vyote viwili pamoja kabla ya kuandaa somo linalofuata, na ningekushauri ufanye hivyo tangu video yako ya kwanza.

Jibu komenti mapema, wakati mtu bado anakumbuka alichouliza. "Asante" inatosha kwa pongezi, lakini swali lina haki ya jibu kamili. Ukiona swali lilelile limeulizwa na wengi, jibu moja vizuri kisha libandike juu ya komenti zote. Hapo ndipo pa kuwekea masahihisho pia. TikTok hukuruhusu kujibu komenti kwa video, na maswali ya namna hiyo mara nyingi huzaa masomo mazuri kuliko yale uliyoyapanga mwenyewe.

Wapo wanaokosoa hoja, wapo wanaouliza kwa hasira, na wapo wanaotukana. Wa kwanza washukuru na uwajibu kwa hoja. Wa pili wajibu kama vile hasira haipo, wengi hutulia. Matusi yafute bila mjadala, na weka orodha ya maneno yanayozuiwa, kwa sababu watazamaji wako wengine wanayasoma na wataogopa kuuliza. Tangu Novemba 2021 YouTube haionyeshi hadharani idadi ya waliobonyeza kutopenda, lakini wewe mwenye video bado unaiona. Itazame kwa utulivu.

Matangazo ya mubashara yana ugumu wake. Picha humfikia mtazamaji baada ya sekunde kadhaa, naye anahitaji muda wa kuandika. Ukiuliza swali na kusubiri, utakaa kimya cha kutisha. Ukiuliza na kukata tamaa haraka, majibu yatafika ukiwa umeshahamia jambo jingine. Uliza, endelea na mfano mfupi, kisha rudi kwenye majibu. Mtafute mtu wa kukusaidia kusimamia gumzo, yaani komenti zinazoandikwa wakati wa matangazo, akuchagulie maswali. Ujumbe ambao mtazamaji ameulipia ili uonekane zaidi usiufanye tiketi ya kuruka foleni kila mara, maana mwenye swali zuri anaweza kuwa hana hela. Na kila unapojibu, lisome swali kwa sauti kwanza: atakayetazama marudio huenda asilione gumzo kabisa, na jibu lisilo na swali halitamfaa. Usipokuwa na jibu, sema utalitafuta, liandike mahali, na ulilete kwenye kipindi kinachofuata ukikumbusha lilivyoulizwa.