Barua ya kuacha kazi ilikaa kwenye mkoba wangu miezi mingi

Dada yangu, una mimba ya miezi mitano, kazi imekuchosha mpaka Jumapili jioni kichwa kinaanza kuuma, na mumeo anasema acha tu, tutajibana. Nakuelewa. Mimi barua niliiandika kabisa, nikaikunja mara nne, nikaichomeka ndani ya kadi ya kliniki.

Bosi wangu alikuwa na tabia ya kuniletea mafaili saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Anayatua mezani bila kuniangalia usoni, huyoo anaondoka. Siku niliyosema sasa basi, nilishuka kwa ofisa utumishi na barua mkononi. Hakuwepo. Nikiwa namsubiri, nikafungua mkataba wangu kwenye simu na kuusoma kwa mara ya kwanza tangu niusaini (aibu, najua). Likizo ya uzazi yenye malipo ni ya aliye kazini. Bima nayo inakoma siku ya mwisho ya ajira. Nikahesabu: ningetoa notisi siku ile, ningekuwa nje wiki tisa kabla ya kujifungua, bila mshahara wa likizo wala bima ya hospitali. Nikapanda ngazi kurudi kwenye mafaili yangu.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo soma ya kwenu. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14, na unakataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya ujauzito. Si kila nchi imeuridhia, lakini zipo nyingi zenye kinga ya aina hiyo. Ukiacha mwenyewe, kinga hiyo umejivua.

Hilo la "tutajibana" lijaribuni kabla hujaandika chochote. Sisi tuliishi miezi miwili kwa mshahara wa mume wangu peke yake, wangu haukuguswa. Mwezi wa kwanza tulijisifu. Wa pili, tarehe 19 mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kuchota kidogo kule. Na hapo mtoto alikuwa bado tumboni! Faida yake ni kwamba akiba ya miezi ile ndiyo iliyotuvusha baadaye.

Usijidanganye pia kwamba utatafuta kazi nyingine mtoto akilala. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mimi kuna wiki nilishindwa hata kujibu ujumbe wa mama yangu. Na ukihamia kwa mwajiri mpya sasa hivi, uliza kwanza: kuna sehemu likizo ya malipo haipatikani mpaka uwe umefanya kazi miezi kadhaa.

Jambo moja tu lingenifanya nikwambie ondoka leo: kazi yenyewe ikiwa inakuumiza. Kubeba mizigo mizito, kuvuta harufu za kemikali, kusimama zamu nzima. Hata hapo, anza kwa kumwomba daktari akuandikie upewe kazi nyepesi. Kama unachochukia ni mtu, omba kwa maandishi kuhamishwa kitengo. Mimi niliomba kwa mdomo mara mbili, ikaishia hewani. Nilipoandika, nilijibiwa ndani ya wiki. Kitengo kipya hakikuwa raha, ila mafaili ya jioni yaliisha.

Niliacha kazi mwanangu akiwa na miezi saba, nikiwa tayari nimepata nyingine. Barua ilibidi niichapishe upya, ile ya zamani ilikuwa imechanika kwenye mikunjo. Na ukiusoma mkataba wako, tafuta kama kuna kifungu cha kurudisha malipo ya likizo endapo utaacha mapema baada ya kurudi. Changu kilitaka miezi mitatu. Nilikiona zikiwa zimebaki siku tano itimie, barua nimeshaisaini, nikairudisha mkobani.