Jibu: Wakufunzi wanakubali kikaoni, karakana haibadiliki

Salaam dada, na hongera kwa kuteuliwa kuwa mkuu wa chuo. Umeuliza kama uache uongozi wa kushirikisha wakufunzi katika maamuzi, na badala yake uwe mkali, kwa kuwa wakufunzi wa ufundi huitikia kila kitu kikaoni kisha hawatekelezi.

Usiuache. Angalia kwanza kama kila azimio lina jina la mhusika na tarehe. Kisha shuka karakana wakati wa kazi. Katika idara ya uchomeleaji niliyoiongoza, mara nyingi aliyeitikia hakuwa na elektrodi (vijiti vya kuchomelea), na aliona aibu kusema mbele ya wenzake.

Ukali uweke kwenye usalama: asiye na miwani ya kinga asiguse mashine, basi.

Na wakikuambia kuwa wewe, kama mwanamke, utaongoza tofauti kabisa na wanaume, uchambuzi wa mwanasaikolojia Alice Eagly na wenzake (2003) wa tafiti 45 ulikuta tofauti ndogo tu kati ya mitindo yao ya uongozi.