Mkono wa Mama na Fundi wa Colmar

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, huu mwaka wa pili nachonga shaba, lakini picha zangu zimelala tu kama karatasi. Ninunue kifaa gani?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Ni mimi kabisa, miaka sita iliyopita.

Usinunue kitu, mdogo wangu. Mtafute Martin Schongauer, fundi Mjerumani wa karne ya 15 aliyechonga picha kwenye shaba.

Nilipoanza kuchonga hapa Ujerumani nilidhani kivuli ni wingi wa mistari. Nikitaka giza, nalundika. Chapa yangu ya kwanza, yaani picha inayopigwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba lililochongwa na kupakwa wino, ilikuwa mkono wa mama. Mwalimu aliishika kwa ncha za vidole, akasema mbele ya darasa zima: "Huu si mkono, ni wavu." Wenzangu wakacheka. Miezi miwili sikugusa burini, kile chuma chenye ncha kali cha kuchongea mistari, na maneno yale bado yananichoma.

Kilichonirudisha ni safari ya Colmar, ng'ambo ya mto Rhine, upande wa Ufaransa, mji aliofanyia kazi Schongauer. Baba yake alikuwa sonara, na wangu pia, kule Mombasa, kwa hiyo nilimpenda kabla sijaelewa kazi yake. Alifariki mwaka 1491. Kijana Albrecht Dürer, aliyekuja kuwa msanii mkubwa wa Ujerumani, alipofika Colmar mwaka 1492 akitaka kukutana naye, akakuta fundi ameshazikwa. Sisi tuliochelewa miaka 500 tumebaki na chapa zake zaidi ya 100, zenye herufi M na S na alama kama msalaba katikati.

Nilikaa na ile chapa ya Mtakatifu Antoni akining'inia hewani, mashetani wakimvuta nguo na kumpiga. Nikaweka lenzi juu ya joho lake. Mistari haikulundikana! Kila mmoja unazunguka na nguo, unanenepa panapoingia kivulini, unakonda kuelekea kwenye mwanga, halafu unakatika na kuacha vinukta vichache. Baada ya hapo ni karatasi tupu. Nyuma ya mtakatifu hakuna mlima wala mawingu, na weupe ule ndio unaowafanya mashetani waonekane wazi.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Burini inasukumwa, haivutwi kama kalamu. Ukiizamisha, mstari unapanuka, ukiilegeza, unakonda. Na kwenye mkunjo, mkono wa kulia hutulia, wa kushoto ndio unaozungusha bamba juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga. Mimi nilikuwa napinda kiganja.

Nikaanza kunakili kipande cha joho kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Mabamba kumi na moja. Kisha nikauchonga upya mkono wa mama, na Aprili hii ukapokelewa kwenye maonyesho. Yule mwalimu alikuja. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaondoka bila neno.

Kwa hiyo nakilini, ndugu zangu, na nakilini kwa mkono. Kupiga picha kwa simu si kunakili. Michelangelo mwenyewe, yule msanii mkubwa wa Italia, akiwa mvulana, aliichora ileile ya Mtakatifu Antoni kwa rangi, na waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alikwenda kutazama samaki ili apate magamba ya mashetani. Hakuona aibu. Aibu ni kuichukua kazi ya mtu ukaweka jina lako, kama Israhel van Meckenem, mchongaji mwingine wa zama zile, alivyoweka lake kwenye nakala nyingi za wenzake. Na acheni haraka! Naona vijana wanaipa mashine ya leza picha ya zamani, dakika kumi imekwisha, wanajiita wachongaji. Mkono umejifunza nini hapo? Nakilini kidogo, nakilini tena, kwa mkono.

Wewe uliyeniandikia, achana na mashetani kwa sasa. Schongauer alichonga pia picha ya chetezo peke yake, chombo cha kufukizia ubani ambacho sisi watu wa pwani tumekuwa tukikiona nyumbani tangu utotoni. Anza na duara lake la chini, nusu inchi tu. Ukifika bamba la nne, nitumie picha.