Barua zenu: Kabati ya mukwa, tunapaka ao tunaacha?

Barua za mwezi huu ni mingi, na karibu zote ziko juu ya vitu vya okazyo, vile mtu mwingine aliisha kutumia. Naelewa, mvua iko karibu, watu wanahama, na mtu akihama njo anavumbua ako na nini mu nyumba: meza ya shemeji, viti tatu ambazo zilikuwaka sita, sanduku ya nkambo. Nimechagua barua tano. Wale walinitumia picha bila swali, picha ni nzuri kabisa, lakini sasa nijibu nini?

Yaya, jambo. Nkambo yetu alituachia kabati ya milango mbili, nzito, paka wanaume wane njo wanaiinua. Nkambo mwanaume aliinunua ku Mzungu moja mu 1960, ule wakati Wabeleji walikuwa wanauzisha kila kitu juu ya kurudia kwabo. Imekuwa nyeusi, inatia chumba huzuni. Mu telefone naonaka batu wanapaka nyeupe, kiisha wanakwangua pembeni ionekane ya zamani. Lateksi, ile rangi ya maji, makopo mbili nimeisha kununua. Nianze wapi? (Mama Mapacha, Kamalondo)

Mama Mapacha, anza na kufunga hayo makopo, yatakutumikia ku ukuta wa jikoni.

Kabati iko ya zamani ya kweli, na wewe unataka kuipaka ifanane na ya zamani? Nimecheka, unisamehe, lakini sikuchekei wewe peke yako. Mimi nilipakaga bufe ya mama mukwe wangu nyeupe, nzuri, kila mtu anasifu, wiki mbili hazijaisha ikaanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Nikapaka tena, yakatoka tena, nikapaka mara ya tatu. Mama mukwe akaja kutembea, akaangalia, hakusema kitu. Mpaka leo hajasema. Mbao nyekundu iko na rangi yake ndani, maji ya lateksi inaiyeyusha na kuivuta juu, na wewe unabaki kupaka paka kupaka.

Picha uliyotuma inaonyesha mlango kwa ndani, chini, fasi haikuguswa sana, na pale naona ile kahawia ya asali yenye mistari. Naona ni mukwa, ile Watanzania wanaita mninga. Mti wake ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mafundi wanaipenda juu ikikauka haipungui sana wala haijipindi, njo maana milango yako inafunga vizuri mpaka leo wakati ile kabati ya duka ya mwaka jana imeisha kuanguka bawaba.

Sasa huo weusi si mbao, ni verni. Fanya hivi: chukua kitambaa cheupe, kiloweshe alkoli kidogo, sugua polepole nyuma ya mguu, fasi mtu haoni. Kama kitambaa kinatoka kahawia na verni inakuwa kama gundi, hiyo ni gomalaki, ile mafundi wa zamani walikuwa wanapaka na tampo, kitambaa kimefungwa juu ya pamba, na miaka 60 ya moshi, mikono na vumbi imeifanya giza. Inatoka na alkoli tu na subira, kipande kwa kipande, hauhitaji mashine ya kusugua. Kama hakuna kinachotoka, basi mtu aliisha kupaka verni ya kisasa juu, hapo unaingia na msasa, ile papye vere, namba 120 kwanza kiisha 220, na ufuate mistari ya mbao, usiivuke. Funga pua na mdomo, vumbi la mukwa linakwaruza kifua. Na kama chini ya verni ukikuta rangi ya zamani, nyeupe ao kijani, simama kwanza: rangi za ule wakati mara mingi ziko na risasi ndani, ile madini, hauisugui kavu, unailowesha maji na unasugua ikiwa na maji, mapacha wako mbali, na mwanamke mwenye mimba asikaribie.

Kiisha nta. Nta ya nyuki haikosekani kwetu, wale wanaoleta asali ya pori wanakuwaka nayo, muulize tu. Gramu 100 za nta, mililita 300 za terebentini. Nta unaiyeyusha mu kopo ambalo limekaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, inayeyuka kwa digri 63 hivi, haihitaji kuchemka. Kiisha unatoa kopo, unatoka nayo inje, mbali kabisa na mbabula ya makala, njo unamimina terebentini na kukoroga. Nimesema mbali na mbabula. Mvuke wa terebentini unashika moto kabla haujaona kitu, na mtu wa jirani yangu alibaki bila nyusi. Ikipoa inakuwa kama blubandi. Paka kidogo sana, ngoja nusu saa, sugua na kitambaa cha sufu mpaka mkono uume. Utaona chumba hakina tena huzuni, ilikuwa ni uchafu tu.

Na ile hamu ya kupamba usiitupe, ipeleke ku kitu maskini. Hiyo kazi ya kupamba ilizaliwa ku vitu maskini. Mu karne ya 18, kule Venice, matajiri walikuwa wanataka vyombo vya laka kutoka China na Japani, bei ilikuwa juu sana, mafundi wakaanza kukata picha za karatasi, kuzibandika ku mbao ya kawaida na kupaka verni tabaka juu ya tabaka mpaka kidole hakisikii tena fasi karatasi inaishia. Waitaliano waliita lacca povera, laka ya maskini. Hakuna fundi wa Venice aliyechukua laka ya kweli ya Japani akabandika karatasi juu yake. Tafuta meza ya tripleksi, zile mbao nyembamba zimebandikwa pamoja, ile meza uko na haya nayo mgeni akifika, pale lateksi yako itapata kazi.

Yaya, niko étudiant, tunakaa watatu ku Kasapa. Nilinunua kameza ka tripleksi, nikaprenti picha za maua, nikakata vizuri, nikabandika na kole nyeupe. Wino yote ilikimbia, maua ikawa supu ya bluu, na karatasi ikajikunja. Nilikosea wapi?

Mdogo wangu, ulikosea ku mashine. Ile mashine ya kuprenti ya wino wa maji, wino wake ukikutana na kole unarudia kuwa maji. Peleka picha ku sekretaria piblike, pale wanapiga fotokopi, mashine yao inatumia unga unaochomwa ku karatasi, ule haukimbii. Kabla hujakata chochote, lowesha kidole na mate, pitisha pembeni ya picha: kidole kikitoka na rangi, acha.

Mikunjo nayo ni hivi. Karatasi ikinywa maji inapanuka, ukibandika kavu juu ya kole, inapanuka ikiwa imeisha kushikwa, lazima ijikunje. Iloweshe kwanza mu sahani ya maji, dakika moja inatosha, ifute na kitambaa, njo uibandike. Kole uipunguze, sehemu mbili za kole ku sehemu moja ya maji, paka ku meza, weka karatasi, kiisha sukuma na kidole kutoka katikati kuenda inje, kama vile mama anapiga pasi kola ya shati. Kama unatumia zile karatasi za kupangusa mdomo za karamu, zenye maua, ziko tabaka tatu zimebanana, toa mbili nyeupe za chini, bakiza tu ile yenye picha. Ni laini sana, hiyo haiwezi kuloweshwa, unaiweka kavu na unapitisha kole juu na pinso, ile brashi, iwe nyororo. Ikauke usiku nzima, kiisha verni ya maji, tano ao sita, na kati ya tabaka unapitisha msasa wa 400 kidogo tu. Mnakula juu ya hiyo meza, najua, kwa hiyo sufuria ya bukari isikae moja kwa moja, verni ya maji na moto hazipatani.

Lakini nikuulize, maua ya wapi hayo? Sisi tuko Lubumbashi. Hapa njo palikuwa Le Hangar, ile atelye Pierre Romain-Desfossés aliianzisha mu 1946, pale Pilipili Mulongoy alikuwa anachora samaki na ndege wakijaa karatasi yote bila fasi tupu, Mwenze Kibwanga anajaza na vimistari vidogo vidogo, na Bela yeye alikuwa anachora na ncha za vidole, hakuna pinso. Vidole uko navyo kumi. Chora samaki zako mwenyewe na rangi ku karatasi nyembamba, ziache zikauke vizuri, kata, bandika. Hata zikitoka mbaya, ziko zako, na hakuna mtu atazikuta ku meza ya jirani.

Ndugu mwandishi, mimi ni fundi kijana wa Katuba, mteja anataka kiti chenye rangi imepasuka-pasuka kama ya zamani. Niliambiwa ni kole nyeupe katikati ya rangi mbili. Nilipaka kole, nikaacha mpaka kesho yake, nikapaka rangi ya mafuta juu. Haikupasuka hata kidogo.

Ingepasukaje, fundi? Uliipa kole usiku nzima wa kukauka, ikawa ngumu. Rangi ya juu inapasuka kwa sababu inakauka haraka na kujivuta, wakati kole ya chini ingali inateleza. Kwa hiyo kole ukiigusa iwe inashika kidole lakini isitoke nayo. Mwezi wa saba na baridi kavu yetu hiyo ni dakika 20 hivi, mwezi wa kwanza na mvua inaweza kupita saa moja, usihesabu saa, gusa. Na rangi ya juu iwe ya maji, ya mafuta haifai kabisa kwa hii kazi. Pitisha pinso mara moja, upande moja, usirudi. Ukirudi unakoroga kole na rangi, unapata uji. Kole nzito inatoa nyufa kubwa, kole nyepesi inatoa nyufa ndogo, jaribu ku kipande cha mbao kwanza na mteja achague mwenyewe, hivyo hatakuja kulia kiisha.

Kama anataka pia ile sura kavu ya chaki, isiyong'aa, kuna rangi ya chaki ambayo Mwingereza Annie Sloan aliileta mu 1990, lakini kuitafuta hapa ni kujichosha. Chukua kikombe kimoja cha lateksi isiyong'aa, theluthi ya kikombe cha plastre tu, ule unga mweupe wa jasi, uyeyushe plastre kwanza mu theluthi ya kikombe cha maji mpaka isiwe na madonge, njo uchanganye. Tengeneza ile tu utamaliza siku hiyo, kesho itakuwa jiwe na kopo lako utalitupa. Haina uhusiano na rangi ya ubao wa shule, watu wanachanganya kila mara. Ikiisha kukauka paka nta ya Mama Mapacha juu, bila nta kila kidole cha mtoto kitabaki pale.

Mama, mimi ni mzee wa Ruashi, nilitumika mu shaba maisha yangu yote. Niko na sahani ya shaba ya kupigwa na nyundo, ya kutundika ukutani. Mjukuu aliisugua na ndimu na chumvi, sasa inang'aa kama sufuria mpya. Naweza kuirudishia ule ukijani wake?

Baba, shikamoo. Wewe unajua shaba kuliko mimi, malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, uliishika na mikono, basi ukijani wa sahani ni ndugu wa hiyo hiyo, shaba ikikaa na hewa na maji miaka mingi. Kuuharakisha inawezekana. Osha sahani na sabuni, isibaki mafuta ya vidole. Ipulizie siki iliyokorogwa na chumvi. Mu ndoo yenye kifuniko, weka kikombe kidogo cha amonyaki chini, sahani ikae juu ya vijiti isiguse maji, funga, iache inje usiku. Asubuhi fungua ukiwa umegeuza uso, ile harufu si ya mchezo. Ikitoka bluu, iache siku mbili tatu hewani, itatulia. Javeli, ile dawa ya kufanya nguo nyeupe, isikaribie hiyo ndoo kabisa, ikikutana na amonyaki inatoa hewa ya sumu. Na sahani hiyo haitawekwa tena chakula. Mjukuu usimpige, alitaka kukufurahisha.

Yaya, kiti changu cha okazyo kina vitundu vidogo vidogo vya mviringo. Nivijaze na mastiki kiisha nipake?

Bado. Weka karatasi nyeusi chini ya kiti, gonga kila mguu mara moja, kiisha usikiguse wiki mbili tatu. Vitundu vinaweza kuwa vya zamani, wadudu waliisha kwenda, na hapo jaza tu na nta ao mastiki na uendelee. Ila ukikuta unga mpya juu ya karatasi, laini kama unga wa mihogo, wako ndani wanakula, kiti kitoke leo mbele hakijawapeleka ku kabati, na utafute dawa ya mbao ku kenkayeri, lile duka la misumari na rangi, ingiza na sindano kitundu kwa kitundu. Mafuta ya taa wanayokuambia majirani yataacha harufu miezi, na rangi yoyote juu yake haitashika.